Daftari la Mashine Pepe Analitunza Nani?

Wasimamizi wa seva wakibishana kuhusu zana zao, ubishi huangukia kwenye kasi, bei na sura ya dirisha. Mimi huanza kwingine: orodha ya mashine pepe zilizopo, na jinsi kila moja inavyotakiwa kuwa, imeandikwa kwenye daftari gani, na nani ana ruhusa ya kulibadilisha? Hapo ndipo mapokeo yanapoachana.

Ya IBM ndiyo ya zamani. VM/370, iliyotangazwa mwaka 1972, ilimpa kila mtumiaji kompyuta yake pepe, na maelezo yote yakakaa katika faili la maandishi: jina, nywila, ukubwa wa kumbukumbu, vipande vya diski. Kazi za kujirudia ziliandikwa kwa EXEC, baadaye kwa REXX, lugha aliyoianza Mike Cowlishaw mwaka 1979.

VMware walilipeleka daftari makao makuu. vCenter, programu yao ya kusimamia seva zote kwa pamoja, ina hifadhidata yake; ikizimika, mashine zinaendelea kufanya kazi kwenye seva za ESXi, ila vMotion, ile ya kuhamisha mashine bila kuizima, inasimama. PowerCLI, iliyojengwa juu ya PowerShell, inaweza kuzima mashine 200 kwa mstari mmoja. Ukishaiambia isiombe uthibitisho, haiulizi kama ulikusudia 20.

Proxmox, iliyotoka Vienna mwaka 2008 na kusimama juu ya Debian na KVM, haina makao makuu. Ukifungua /etc/pve utadhani ni folda ya kawaida, kumbe ni hifadhidata ndogo ambayo Corosync, programu ya mawasiliano ya klasta, huisaidia kuwa na nakala ileile kwenye kila seva ya klasta. Kuandika kunahitaji wingi wa kura. Katika klasta ya seva tatu, moja ikikatika mtandao, folda yake inakuwa ya kusoma tu na haiwezi kuwasha mashine mpya. Wageni huiona hii ni kero, na usiku wa tatizo huilaani kweli. Lakini fikiria seva mbili zisizoonana, kila moja ikiwasha mashine ileile juu ya diski moja ya pamoja: data yote huharibika. Afadhali ukaidi huo.

Terraform, zana ya mwaka 2014 ya kuunda miundombinu kwa maandishi, inalitoa daftari nje ya seva kabisa. Unaandika unachotaka kiwepo, yenyewe inatunza faili la hali. Mwenzako akiongeza kumbukumbu kwa mkono kupitia dirisha, mpango unaofuata utapendekeza kuipunguza. Ansible, zana nyingine ya kuendesha kazi za seva kwa maandishi, haitunzi kitu. Kila ikiitwa, inakwenda kuuliza upya.

Tofauti hizi zilipata uzito baada ya Broadcom kuinunua VMware mwezi Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Wengi walianza kutafuta pa kuhamia, na Proxmox 8.2, mwezi Aprili 2024, ikaja na nyenzo ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Diski zinavuka, na idadi ya vichakataji na kumbukumbu vilevile. Ruhusa za watumiaji, kengele za tahadhari, kanuni za kugawa mzigo kati ya seva na skripti za PowerCLI zilizorundikana kwa miaka hubaki ng'ambo, zikisubiri mtu wa kuziandika upya.