Ukisema "Akanzas" wanajua hukuzaliwa pale

Wadau, kuna kitu kimoja kinamuumbua mgeni Marekani hata kama Kiingereza chake kimenyooka kama rula: majina ya mahali. Unashuka New York, unamuuliza mpita njia mtaa wa Houston uko wapi, unautamka "Hyuston" kama ule mji wa Texas. Mwenyeji anatabasamu. Pale wanasema "Hauston", na ukitamka vingine ameshakujua ni wa kuja, hata kama umetokea hukohuko Texas.

Wengi wanadhani watu wa New York wanajidai tu. Kumbe ni majina ya watu wawili tofauti. Mtaa ulipewa jina la mwanasheria wa Georgia aliyeoa binti wa mwenye mashamba ya eneo lile, mwishoni mwa karne ya 18. Mji wa Texas ulianzishwa mwaka 1836, ukachukua jina la jenerali aliyekuwa ametoka kushinda vita ya kuitenga Texas na Mexico. Mtaa ndio mkongwe, ila mji ndio uliokua ukajulikana dunia nzima, basi watu wakaona mtaa ndio unaokosea.

Kuna majina mengine yalivuka bahari. Walowezi walipenda majina makubwa makubwa, lakini wakayatamka kwa ulimi wao. Kentucky kuna mji unaitwa Versailles, kama lile kasri la wafalme wa Ufaransa. Ukisema "Versai" kwa madaha ya Kifaransa utachekwa, wenyewe wanasema "Verseilz". Lima ya Ohio ni "Laima". Na Cairo ya Illinois, pale mto Ohio unapoingia Mississippi, wenyeji wanaiita "Kero". Eneo lile la kusini mwa Illinois limezoeleka kuitwa Misri Ndogo, na jirani kuna Thebes na Karnak! Lakini ukiwatamkia Kairo kama ya Wamisri, umeshajichoma.

Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, wapo wengi Louisville, Kentucky, na somo hili wanalijua. Mji ule ulipewa jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, kumshukuru kwa kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Waingereza. Ramani inaonyesha herufi kibao. Mzaliwa wa pale anazimeza karibu zote: "Luavul". Basi.

Sasa sikia kisa cha Arkansas, maana hapa utani unaisha.

Kansas wanasema "Kanzas". Ongeza "Ar" mbele yake, unapata "Akanso", ile "s" ya mwisho haisikiki kabisa. Na mto Arkansas ukipita Kansas, watu wengi wa huko wanauita "Akanzas", ukifika jimbo la Arkansas unakuwa "Akanso". Maji ni yaleyale.

Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 maseneta wawili wa Arkansas hawakukubaliana hata jina la jimbo lao. Mmoja alitaka atambulishwe kama seneta wa "Akanzas", mwenzake wa "Akanso", na mwenyekiti wa kikao akawa anamuita kila mmoja anavyotaka. Ubishi haukuisha. Hatimaye Machi 1881 bunge la jimbo likapitisha azimio rasmi: jina lina silabi tatu, na "s" ya mwisho haitamkwi. Yaani watu wazima walikaa bungeni kupigia kura herufi moja!

Lakini tazama hoja waliyoitumia. Walisema matamshi ya kweli ni yale ambayo Wafaransa waliyapokea kwa wenyeji wa asili. Swali ni hili: mwaka 1881 hao wenyeji walikuwa wapi?

Ni Waquapaw. Wao wenyewe hujiita kwa jina lenye maana ya watu wa chini ya mto. Hilo lingine walipewa na majirani zao Wailinois, na Wafaransa walioshuka Mississippi mwaka 1673 walilisikia kwa Wailinois hao, wakaliandika Kifaransa. Ndiyo maana kuna "s" isiyotamkwa, Kifaransa kina tabia hiyo. Baadaye wakaja wanaozungumza Kiingereza, wakaikuta "s" imekaa pale, wengine wakaisoma.

Mwaka 1824 Waquapaw walisainishwa mkataba wa kuachia ardhi yao iliyobaki Arkansas. Wakasukumwa hadi Louisiana, na baada ya mkataba wa 1833 wakapelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Taifa lao lipo hukohuko mpaka leo. Kwa hiyo bunge lilipokaa kulinda sauti ya wenyeji, ilikuwa imeshapita karibu nusu karne tangu wahamishwe. Wakansa, waliowapa Kansas jina, nao waliishia hukohuko Oklahoma mwaka 1873.

Ndiyo maana kicheko cha mwenyeji kwa mgeni huwa nakipokea nusu. Anayekucheka kwa kusema "Akanzas" ana haki yake, babu yake alizaliwa pale na ndivyo alivyomsikia akitamka. Mgeni mwenye adabu husikiliza kwanza, akaiga. Ila huyo babu naye alilikuta jina limeshapita vinywa vitatu, na wenye ardhi wakiwa wameshafukuzwa. Ukifika Little Rock sema "Akanso" bila ubishi. Wakikuuliza umejuaje, watajie na Waquapaw.

Mdau uliyeko kule, mji wako unaandikwaje, na wenyewe wanautamkaje?