Hesabu ya Sisimizi

Surat An-Naml imeitwa kwa jina la sisimizi. Humo mna kisa cha sisimizi aliyewaonya wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Suleiman. Nabii akatabasamu, akamshukuru Mola wake. Sisi twawakanyaga kila siku, wala hatuulizi wako wangapi.

Waliouliza wapo. Mwaka 1994 Bert Hölldobler na Edward O. Wilson walichukua kadirio la C. B. Williams la wadudu wote wa dunia, wakasema katika kila wadudu mia mmoja ni sisimizi. Wakapata 10,000,000,000,000,000. Lakini hilo lilikuwa kisio juu ya kisio.

Mwaka 2022 wataalamu wengine walikusanya tafiti 489 za mabara yote, za watu waliohesabu kwa macho na mikono. Hufukia vikombe mpaka ukingo ukawa sawa na ardhi, wapitao wakatumbukia. Au huchekecha majani makavu ya kipande cha ardhi kilichopimwa. Jawabu lilikuwa 20,000,000,000,000,000: kiasi cha milioni mbili na nusu kwa kila mwanadamu.

Msituni wengi hukaa chini ya majani. Wale watembeao juu ya ardhi huzidi katika nchi kavu, mfano wa Mvumi huko Dodoma. Mwaka 1986 mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, uliondoa mifugo Mvumi ili ardhi iliyomomonyoka ipumzike. Ng'ombe walikuwa na wenyewe, na idadi yao ikijulikana. Sisimizi walibaki katika udongo uleule, wakiuchimba ukapitisha maji na hewa, wakitawanya mbegu. Nani aliwatia hesabuni? Hata katika hesabu ya 2022, Afrika ya kati ni miongoni mwa sehemu zenye takwimu chache.

Wenye minazi Unguja wanawajua majimoto kwa ukali wao. Uchunguzi wa M. J. Way wa miaka ya 1950 ulionesha kuwa hao hao huulinda mnazi na mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika. Mkulima aliyewaua kwa kuumwa alijipunguzia nazi zake mwenyewe.

Basi mtoto akitaka kuwamwagia maji ya moto sisimizi wa uani, mzuie kwa upole, umwambie kazi yao. Kiumbe hakiwi duni kwa kuwa hatujakihesabu.