Kupima Mapafu ya Watu Wasioumwa

Isaac Adler, tabibu wa New York, alipotoa mwaka 1912 kitabu chake juu ya saratani ya mapafu, alianza kwa kuuliza kama yafaa kuandika kitabu kizima juu ya maradhi adimu kiasi kile. Walakini kufikia mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham huko Marekani, walipobainisha kuwa sigara ina mkono mkubwa katika maradhi hayo, uadimu ule ulikuwa umekwisha kutoweka. Na aghalabu mgonjwa alipofika kwa daktari akikohoa damu, wakati wa kupasuliwa ulikuwa umempita, kwa kuwa uvimbe huweza kukua ndani ya pafu muda mrefu pasi na mwenyewe kutanabahi.

Ndipo ilipozuka rai, na kwa hakika ilikuwa rai njema, ya kuwapima watu kabla hawajaugua. Chombo kilikuwapo tayari, maana mwaka 1936, huko Rio de Janeiro, Manuel de Abreu alikuwa amebuni njia ya kupiga picha ndogo za kifua kwa gharama hafifu, na magari ya eksirei yakazunguka mijini katika nchi nyingi yakiwatafuta wenye kifua kikuu. Dawa zilipoanza kukishinda kifua kikuu, matabibu wakaielekeza eksirei kwenye saratani. Huko London, katika miaka ya 1960, wanaume wapatao 55,000 waligawanywa makundi mawili, moja likipigwa picha kila miezi sita kwa miaka mitatu, la pili mwanzoni na mwishoni tu. Vifo havikuonyesha tafauti ya kutajika.

Lakini jaribio ninaloliona kuwa lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni lile la kliniki ya Mayo, Marekani, lililoanza mwaka 1971 kwa wanaume 9,211 waliovuta sigara kwa wingi. Nusu yao walipimwa kila miezi minne kwa miaka sita: walipigwa picha ya kifua, na makohozi yao ya siku tatu yakakusanywa chupani, kisha yakatazamwa kwa hadubini zitafutwe chembe za saratani. Katika kundi hilo zikapatikana saratani 206, na katika lile lililopewa nasaha tu ya kwenda kupimwa kila mwaka, 160. Waliopasuliwa wakazidi, na walioishi miaka mitano baada ya kutambuliwa wakazidi pia. Hata hivyo waliouawa na saratani hiyo walikuwa 122 katika kundi la kwanza, na 115 katika la pili. Mtu akiambiwa maradhi yake miaka mitatu mapema huhesabiwa kuwa ameishi nayo sana, ilhali siku yake ya kufa haikusogea. Na vimo vivimbe vinavyokua polepole mno, ambavyo visingemdhuru mwenyewe maisha yake yote. Nawastahi sana waliozitangaza hesabu hizo bila ya kuzipamba.

Matumaini yalirudi kwa mashine ya CT, inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka. Mwaka 1999 Claudia Henschke na wenzake wa New York walieleza kuwa, katika watu 1,000, CT iliona saratani 27, na eksirei 7 tu. Safari hii ushahidi wa vifo ulingojewa: jaribio la Marekani la watu 53,454, lililoanza mwaka 2002, likaonyesha kuwa waliopimwa kwa CT kila mwaka, mara tatu, walikufa kwa saratani ya mapafu kwa uchache wa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei, na mwaka 2020 jaribio la Uholanzi na Ubelgiji likaunga mkono matokeo hayo. Hata hapo, katika jaribio lile la Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya vivuli vilivyotiliwa shaka havikuwa saratani, na kila kimoja kilimtia mtu hofu.

Huko Manchester, tangu mwaka 2016, magari yenye CT yamekuwa yakiegeshwa karibu na maduka, ili mvutaji wa zamani apimwe papo hapo anaponunua mahitaji yake. Wengi wanaostahili bado hawaji, wengine kwa kuogopa habari watakayopewa, wengine kwa kuona haya mbele ya muuguzi atakayewauliza wamevuta miaka mingapi; na haya hiyo, kwa maradhi ya tumbaku iliyouzwa kwao kwa matangazo mazuri tangu ujana wao, ni dhuluma juu ya dhuluma.