Masafa Yasiyo na Mwenyewe Mpakani Karagwe

Kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, vilima vyake vilikuwa vimeshazoea mawimbi ya Tanzania, Uganda na Rwanda. Redio za FM zilipata utaratibu mapema: mkutano wa Geneva wa mwaka 1984 ulizigawia nchi masafa, na redio ya jamii kama FADECO ya Karagwe hurusha kwa leseni. Intaneti ya antena ina asili tofauti. Masafa yake ya gigahezi 2.4 yalitengwa mwaka 1947 kwa mitambo ya viwanda, tiba na sayansi. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu mawasiliano humo bila leseni, kwa sharti zito: anayeingiliwa avumilie. Ndiyo maana naona ujirani mwema hapa unatangulia sheria.

Wapo watakaodai TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imgawie kila mtoa huduma masafa yake. Hoja ina uzito, lakini ada ingewaondoa wadogo kwanza, na leseni ya Murongo, upande wa Tanzania, haiifungi antena ya Kikagati, Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera. Kilima huziba mawimbi bure. Palipo wazi, antena zirushe kwa miale myembamba, nguvu ipunguzwe, na majirani wagawane chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.