Kiraka cha Paa

Tulipoiosha Kombi ya guka baada ya miaka mingi ya kulaliwa na kuku, kutu tuliitegemea, na kutu tuliipata. Kilichonikosanisha na anko ni kiraka: bati la mraba lililochomelewa katikati ya paa, rangi yake haifanani na paa lenyewe.

Anko alitaka tulitoe, shimo lirudi. Kuna mteja anaitaka gari "vile ilikuwa." Nikamuuliza, vile ilikuwa mwaka gani?

Wazo la Kombi lilianza 1947, Mholanzi mmoja, Ben Pon, alipochora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu na injini nyuma. Volkswagen wakaanza kuziunda 1950. Injini inapozwa na hewa, haina rejeta, na ukiwa katikati ya vumbi bila tone la maji, hiyo si habari ndogo. Miaka ya sabini ziliunganishwa hata hapa, kwenye kiwanda cha Leyland kule Thika. Namba ya guka ni ile ya zamani, isiyo na herufi mwishoni, yaani kabla ya 1989.

Ilianza kama gari ya watalii, guka akiwa dereva wa kampuni. Shimo la paa lilikuwa la wageni kusimama na kamera. Njia yenye pesa ilikuwa ile ya Namanga: unatoka Nairobi asubuhi, unavuka, unawapeleka Ngorongoro na Serengeti. Halafu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikisambaratika, Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii kutoka Kenya yaliyokuwa upande ule yakazuiliwa huko. Ya guka ilipona kwa sababu ilikuwa gereji Nairobi, ikingoja kebo ya klachi. Kebo!

Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Kampuni haikungoja, iliuza magari, na guka akanunua lile alilolizoea mkononi. Angelifanyia nini? Tangu 1973 Jomo Kenyatta alikuwa amekubali matatu zibebe watu bila leseni maalum, na kila mwenye kitu chenye magurudumu alikuwa barabarani. Guka akang'oa viti vya wageni, akafunga benchi za mbao.

"Na hilo bati?" nilimuuliza cucu.

"Ilikuwa mvua ya Aprili. Watu walikuwa wanalowa, halafu wanalipa nusu."

Basi.

Tulipopiga msasa ubavuni, chini ya kijani ya matatu tukakuta michirizi ya punda milia, na chini yake nyeupe. Anko alisimama akaangalia kwa muda. Hakusema kitu, na huyo ni mtu wa kusema.

Kutu yenyewe ni hesabu nyingine. Kombi haina fremu ya kujitegemea kama lori; sakafu na mbavu zimeshikana na bodi, kwa hivyo kutu ikiingia chini ya milango inakula mfupa. Maji hupita kwenye raba za madirisha zilizokauka, yanatulia ndani ya vyuma vyenye uwazi, na unakuja kujua rangi ikishavimba. Wengi hujaza filla, wanapaka, wanauza. Sisi tulichomelea kwanza vyuma vya kushikilia ndani, mlango hadi mlango, ili bodi isijikunje tukikata sehemu zilizooza. Bati jipya tulinunua Grogan. Wiki tatu, upande mmoja tu.

Halafu kiraka kikaamua chenyewe. Anko alipokigonga na nyundo, sauti ilikuwa ya karatasi. Fundi wa guka hakuziba kingo vizuri, maji yakaingia katikati ya mabati mawili na kuoza paa kutoka ndani. Lazima kingetoka, upende usipende.

Tulikikata Jumamosi. Chini yake, ukingo wa shimo la wageni bado una mahali rangi imelika, pale walipokuwa wanashika wakisimama. Upande wa chini wa kiraka kuna alama za penseli za guka, vipimo vya inchi, kimoja amekifuta akarudia.

Sasa paa liko wazi, tumelifunika na turubai. Bati jipya limekatwa kwa vipimo vile vile, limeegemea ukuta. Mfuniko wa shimo pia upo; anko aliupata kwa jamaa wa Kirinyaga Road. Mteja amepiga simu mara mbili leo. Anko hajashika.