Chombo Kikubwa, Maji Gani?

Mombasa iliwahi kuhama ndani ya Mombasa. Kwa karne nyingi bandari ilikuwa upande wa Mji wa Kale, chini ya Fort Jesus. Majahazi ya Oman, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakakaa miezi kadhaa, kisha yakarudi na kusi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, meli za mvuke zilizoleta vyuma na mashine zilihitaji kina zaidi, na biashara ikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe linajieleza: kilindi ni maji ya kina kirefu. Ndiyo maana sisi wa Likoni mpaka leo tunavuka kwa feri. Mkondo ule ule unaopitisha meli kubwa ndio unaotutenga na kisiwa.

Yaani chombo kikiwa kikubwa, hakibadiliki peke yake. Kinabadilisha pa kutia nanga, pa kupakia na hata pa watu kuishi.

Nimekuwa nikiyawaza haya tangu ami yangu atangaze kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba anauza mashua yake anunue chombo kikubwa. Ya sasa inamtosha kwenda kuvua na kurudi. Anayoitaka ni ya kutupeleka sote Shimoni na Wasini siku ya Idi: shangazi, wajukuu, sufuria ya pilau na kila kitu. Kundi likawaka moto. Binamu anataka boti ya faiba yenye injini mbili, shangazi anataka jahazi lenye kivuli. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hiki hata hakijanunuliwa! Mimi niliyeacha chuo, na ambaye kila mtu anaamini nina muda, nikaambiwa nilete "hiyo historia yako" isaidie kuamua.

Basi nikaanza na mtepe. Hiki kilikuwa chombo cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, bila misumari, na tanga lake ni mkeka wa mraba. Ushonaji wa vyombo pwani hii ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa huku kwetu. Ubavu wa mtepe ulikuwa unanyumbuka, kwa hiyo uliweza kugusa mchanga maji yakipwa bila kupasuka. Shida yake ni kwamba ulivuja, na lazima watu wakae wakikumba maji safari nzima.

Jahazi la misumari likaja kuuondoa. Lilibeba zaidi na kuvuja kidogo, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 mtepe ulikuwa unatoweka. Mwaka 2003 mafundi walilazimika kujenga mfano wake Zanzibar ili watu wauone tena. Lakini jahazi nalo lina madai yake. Foromali yake ni nzito, inataka mikono mingi kuipandisha. Ubao lazima ukalafatiwe, na lazima pawe na mahali pa kulilaza maji yakipwa. Mtepe haukushindwa kwa kuwa mbaya. Watu walibadilisha kazi waliyotaka chombo kifanye, wakakubali gharama mpya.

Hapo ami akaandika: "Sawa, kwa hiyo kikubwa ni bora." Hapana, ami. Sisi tunaotoka upande huu tunajua hivyo sivyo.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Mtongwe na Likoni nzima bado kuna nyumba ambako tarehe hiyo haihitaji kuelezwa. Feri ile ilikuwa kubwa kuliko mashua yoyote ya ami, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Ukubwa unaweza hata kudanganya: watu wakiona nafasi, wanaendelea kuingia.

Mfano wa pili uko Zanzibar. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kubeba abiria kwenye Puget Sound, huko Seattle, maji yaliyokingwa na nchi kavu. Baadaye ikauzwa, ikaletwa kwetu kufanya safari za Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, ilizama karibu na Chumbe kwenye upepo mkali. Bei ya mtumba ilikuwa imeonekana nafuu, na ukubwa ukatosha. Swali la maji gani chombo kilichongewa likawa limebaki Seattle.

Kwa hiyo nimewapelekea kwenye kundi maswali badala ya jibu. Kitalala wapi maji yakipwa? Siku ambayo binamu hayupo, nani atasaidia ami kukishika? Kimechongewa ndani ya mwamba au nje? Mamlaka ya bahari, KMA, imekikagua na kukiandikia watu wangapi, na je, idadi hiyo itaheshimiwa siku ya Idi, shangazi akija na majirani wake watano? Kila mtoto ana jaketi ya kuokolea inayomtosha yeye, si ya baba yake?

Binamu amejibu kwa emoji. Shangazi ameuliza tu kama lile swali la majirani lilikuwa la lazima. Lilikuwa la lazima. Hilo ndilo swali la Mtongwe, na ndilo rahisi kuliko yote kusahaulika ukiwa ufukweni, jua linawaka, pilau iko tayari, na mtu mmoja zaidi amesimama kwenye maji akiomba apande.