Nani Huulizwa Bei ya Udongo? Maji, Korosho na Salfa katika Uwanda wa Makonde

Wachumi wa mazingira wana swali wanalolipenda: mnunuzi yuko tayari kuongeza kiasi gani juu ya bei ya kawaida ili apate zao la kilimo hai, lililolimwa bila kuchafua udongo, maji wala hewa? Majibu yakijumlishwa, huitwa thamani ambayo umma unayapa mazingira. Wanafunzi wangu huliandika swali hilo madaftarini na kulijibu vizuri katika mtihani. Mimi kila ninapolisoma hukumbuka ukingo wa Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na macho huteremka hadi bonde la Ruvuma. Hujiuliza kama katika hesabu hiyo yule aishiye juu ya udongo wenyewe amewahi kuulizwa.

Hojaji hatuna, lakini historia tunayo. Watu wa Newala na Masasi wamekwisha kulijibu swali hilo mara kadhaa, kwa miguu yao, kwa fedha zao na kwa majembe yao.

Tuanze na maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaoyanywa maji ya mvua mara yanapoanguka. Juu hakuna mito. Maji huzama na kutokea chini ya miteremko kama chemchemi. Karl Weule, mwanaethnografia wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta Wamakonde wakiishi juu, mbali na maji, na akastaajabu. Masimulizi ya asili yao yaliyoandikwa zama hizo yanaeleza kwamba watoto waliozaliwa bondeni, karibu na maji, walikufa, na aliyezaliwa juu ndiye aliyeishi. Tukiongeza hofu ya uvamizi wa Wangoni na ya wateka watumwa, tunaelewa kwa nini kichaka kikavu kilionekana bora kuliko bonde lenye rutuba. Afya na usalama vilikuwa na bei, nayo ililipwa kila siku kwa mwendo mrefu wa kushuka na kupanda, mtungi kichwani. Waliolipa kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, ambao hawakuhesabiwa katika kitabu chochote cha mapato.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi uwandani, yakauzwa kwa debe. Wakulima waliosemwa kuwa maskini waliyanunua. Baada ya Uhuru, maji ya vijijini yalifanywa huduma ya bure, kisha Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikarudisha uchangiaji. Katika vipindi vyote hivyo hakuna aliyehitaji kumfundisha mtu wa Newala kwamba mazingira yana thamani. Alikwisha kuilipa kabla ya vyuo vikuu vyetu kuwapo.

Jibu la pili limo katika korosho. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, lakini kama zao la biashara ulienea kusini katika karne ya 20, mbegu zikipelekwa India kubanguliwa. Uliwafaa wakulima wa uwanda kwa kuwa ulivumilia mchanga na ukame, na ulipandwa pamoja na muhogo, mtama na kunde. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani 16,000 na ushei.

Sababu zilikuwa nyingi. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni. Miti ilizeeka na kusongamana. Juu ya hayo ukaja ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao hufunika maua na machipukizi kama vumbi jeupe na kuyakausha kabla hayajazaa. Mtu aliyehamishwa kutoka kwenye mikorosho yake kwa amri hakuwa na sababu kubwa ya kuipalilia. Thamani ya mti ilishuka machoni pa mwenyewe tangu siku alipoona kwamba si yeye anayeamua habari zake.

Tiba iliyoshinda ilikuwa salfa ya unga. Watafiti wa Kituo cha Naliendele, Mtwara, walishiriki kuijaribu na kuieneza, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mngurumo wa mashine za kupulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, umekuwa sauti ya msimu wa maua. Sisemi haya kama hakimu. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa korosho zilizopulizwa salfa, na nisingekuwa na kalamu ya kuandika makala haya pasipo vumbi lile la manjano. Msimu wa 2017/18 nchi ilipovuka tani 313,000, salfa ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Lakini salfa haiishii kwenye maua. Sehemu kubwa huanguka chini, na bakteria wa udongoni huigeuza kuwa tindikali. Ushauri uliozoeleka ni takriban robo kilo kwa mti kwa kila mpulizo, na mipulizo minne au mitano kwa msimu. Shamba la mikorosho 50 hupokea basi kilo 50 au zaidi kila mwaka. Katika miaka 20, tani nzima. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulithibitisha kwamba salfa huongeza tindikali katika udongo, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuizuia. Mkorosho huvumilia hali hiyo kuliko mahindi na kunde zilizopandwa chini yake. Kwa maneno mengine, zao la fedha linaweza kustawi huku shamba la chakula likidhoofika mahali palepale.

Hapa ndipo lile swali la wachumi linapoonesha upungufu wake. Viwango vya kilimo hai vya Ulaya vinaruhusu salfa, kwa kuwa ni madini ya asili na si sumu iliyotengenezwa kiwandani. Afrika Mashariki nasi tulipata kiwango chetu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Nina heshima kwa kazi hiyo, maana imewafungulia wakulima wengi milango ya soko. Hata hivyo, mlaji wa Berlin anaweza kuongeza bei kwa moyo mweupe, akiamini kwamba amenunua udongo wenye afya, ilhali alichonunua ni uhakika kwamba mbinu fulani zimefuatwa. Udongo wa Newala wenyewe hakuna aliyeupima kwa niaba yake. Utayari wa kulipa si jambo la uongo. Kasoro yake ni kwamba humsikiliza mwenye pochi na kumwacha mwenye jembe.

Mwenye jembe naye amekuwa akilipa. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru, na hapo awali sehemu kubwa ya fedha hizo, asilimia 65, ilirudi kuendeleza zao: pembejeo, miche na utafiti. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha zote zikaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa ukali. Mjadala ule ulisomwa kama ugomvi wa mapato na siasa. Mimi nausoma pia kama jibu la tatu la umma: watu walidai kwamba kilichochumwa ardhini kiirudie ardhi.

Kwa wenzangu mlio katika halmashauri na wizara, jambo ninalolipendekeza si kubwa. Salfa inapogawiwa kupitia vyama vya msingi, vipimo vya tindikali ya udongo na vigawiwe pia, na majibu yasomwe mbele ya wanachama katika mkutano uleule unaosoma bei za mnada. Miche inayohimili ubwiri unga ipewe fedha kwa uzito uleule wa pembejeo. Na wanafunzi wangu mtakaokwenda kufanya utafiti, msiishie kumuuliza mnunuzi angeongeza shilingi ngapi. Mkae na mama aliyepanda kunde chini ya mkorosho, mmuulize alivuna debe ngapi miaka kumi iliyopita na anavuna ngapi leo. Tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo mbili ni gharama ambayo amekwisha kuilipa, wala hakuna aliyempa risiti.